Fuwele ya Ilemela na Mgeni Rasmi

Wananchi wa Mwanza mnatangaziwa, na wa Misungwi msijifanye hamsikii, na ninyi mlioko kivukoni katikati ya maji mkitokea Kamanga tegeni sikio: siku ya Alhamisi, mbele ya Mheshimiwa Mgeni Rasmi, umeme utapita ndani ya fuwele nyembamba kuliko unywele, na utapita bila ukinzani wowote. Nyote mnakaribishwa. Itifaki itazingatiwa.

Tangazo hilo lilizungushwa mjini na gari lenye spika juu, na lilipofika Kirumba, muuza dagaa mmoja aitwaye Mama Evelina alilisimamisha katikati ya barabara kwa kutumia tumbo lake.

"We kaka wa spika! Huo umeme LUKU yake inanunuliwa wapi?"

"Mama, huu hauingii kwenye LUKU. Unapita kwenye unywele."

"Unywele wa nani?"

Mtangazaji akampigia simu Mkurugenzi Mkuu kuomba ufafanuzi. Mkurugenzi Mkuu akajibu, bila kusita hata kidogo, kwamba suala la unywele liko kwenye hatua nzuri.

Huyo ndiye Revocatus Rwehumbiza, Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Fuwele, Baridi na Sumaku Kanda ya Ziwa, kwa kifupi MFUBASUKAZI, yenye jengo jipya juu ya mawe ya Ilemela. Kwao ni Muleba, ambako mtu akiishia darasa la saba husema amekatiza masomo ya udaktari. Yeye hakukatiza, alisoma utawala mpaka utawala ukamwomba apumzike. Fuwele hakuzijua. Alijua uzinduzi. Kanda nzima ilikuwa ikimtegemea kwa utepe, mkasi, zulia jekundu na orodha ya nani akae mbele ya nani. Alizindua kisima, kikatoa maji kwa muda wote bendi ilipopiga, na bendi ilipofunga vyombo nacho kikafunga. Alizindua mtambo wa kukaushia dagaa. Siku ya pili wenye dagaa wakarudi juani. Alizindua mnara wa saa, na mpaka leo unaonyesha dakika ile ile utepe ulipokatwa, kana kwamba unamheshimu.

Akiwa bafuni, mahali pekee ambapo hata Mkurugenzi Mkuu hana msaidizi, Rwehumbiza alikuwa akijiambia ukweli. Hajawahi kuzindua kitu kikafanya kazi. Na sasa kustaafu kunanukia. Alitaka kimoja. Kimoja tu, kikubali.

Kingekataa, hapangekuwa na cha pili. Mwenyekiti wa Bodi, Mzee Mihayo, alishasema mbele ya watu kwamba Alhamisi ikipita bila umeme kupita, jengo litageuzwa ukumbi wa harusi. Hakusema kwa hasira. Binti yake alikuwa anaolewa, na mzee alishapima mahali pa kuweka meza kuu: juu ya sumaku.

Kwa hiyo wiki ile Rwehumbiza alishuka maabara kujifunza alichokuwa akikiongoza. Mwenye maabara alikuwa Dokta Selina Kashindye, mtoto wa Misungwi, aliyekwenda kusomea fuwele ng'ambo akarudi na miwani mipya na ulimi ule ule aliokwenda nao.

"Shikamoo Mkurugenzi."

"Marahaba, Dokta. Hebu nieleze hiki kitu kwa lugha ya kwenye hotuba. Mheshimiwa akisikia Kigiriki anaangalia saa."

"Umewahi kupanda Mabatini kwa miguu?"

"Nimewahi kupita chini yake kwa gari."

"Basi kule juu vichochoro ni vyembamba, jiwe kushoto, jiwe kulia. Unakwenda mbele au unarudi nyuma, basi. Fuwele yetu ndivyo ilivyo. Ni ya kaboni, kaboni hii hii ya kwenye mkaa na sukari, ila imejipanga vichochoro vichochoro, na elektroni zinapita humo. Ukiipoza mpaka friza za viwanda vya minofu ya samaki zionekane majiko, elektroni zinashikana mikono mbili mbili. Zikishashikana hakuna wa kuzizuia."

"Safi sana. Sasa tatizo ni nini?"

"Chuma. Pembeni mwa vichochoro kuna chembe za chuma, zimekaa kama watu wa vibarazani. Njia hazizibi. Zimekaa tu. Lakini kila moja ni sumaku ndogo, inataka salamu yake. Elektroni mbili zikipita, huyu anageuziwa huku, mwenzake kule, mikono inaachana. Umeme umekwama."

Rwehumbiza alitikisa kichwa kwa uchungu. Kwao pia huwezi kumpita mzee kibarazani bila kusalimia, na usalimie mpaka mbuzi wake.

"Sasa," Selina akaendelea, "mimi naleta uga wa sumaku kubwa kutoka nje, nguvu yake inavuta kinyume cha zile ndogo. Nikiongeza kidogo, hakuna kitu. Nikiongeza tena, fuwele inaingia awamu nyingine..."

"Ishia hapo. Neno awamu lina wenyewe Dodoma. Sema hali."

"Haya, inaingia hali nyingine. Naongeza mpaka nguvu ya nje ilingane sawasawa na ya wale wa vibarazani. Zinafutana. Elektroni zinapita kama vile hakuna mtu. Ukinzani sifuri."

"Na ukizidisha?"

"Nikizidisha, ile kubwa yenyewe ndiyo inataka salamu. Mikono inaachana upya. Nguvu ya mkubwa inatakiwa ije kwa kipimo, Mkurugenzi. Ikipitiliza ni hasara ile ile."

Rwehumbiza alisema ni utaratibu mzuri sana na kwamba serikali nyingi zingejifunza. Kisha akauliza kitufe cha Mheshimiwa kitakaa upande gani.

Jumatano walifanya jaribio. Wa kwanza kuingia alikuwa Malimi, Mkuu wa Ununuzi, mwenye redio ya upepo kiunoni na funguo za milango ambayo bado haijajengwa. Mafundi wote wakaacha kazi, wakasimama. Mstari wa ukinzani kwenye skrini, uliokuwa unashuka vizuri, ukaruka kama chura. Alipoingia Rwehumbiza mafundi wakasimama na kupanga mstari, na skrini ikatapakaa. Alipoingia Mzee Mihayo walisimama, wakapanga mstari, wakapiga makofi kwa mpigo uleule waliofundishwa na Mkurugenzi mwenyewe. Rwehumbiza aliona fahari. Kwa kweli ilikuwa itifaki safi: kila mkubwa akiongezeka, hali mpya inazaliwa, na katika kila hali kazi imesimama.

Mzee Mihayo alikuwa na futi ya chuma mkononi, alikuja kuhakiki vipimo vya meza kuu. Futi ilimtoka, ikaruka hewani, ikajibandika kwenye tumbo la sumaku.

"Hii itabanduka kabla ya harusi?" akauliza.

"Wazee wangu, nawaomba mtoke," alisema Selina.

"Tumekuja kukutia moyo."

"Moyo ninao. Simu zenu zinaimba humu ndani, funguo zinacheza, mafundi wangu wamesimama kama mbao. Sipati kitu."

"Kesho utapata," Rwehumbiza akamwambia kwa sauti ya kubembeleza. "Kesho tutakuwa wengi zaidi."

Selina alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Wanaomjua wanasema hiyo ni hatua ya mwisho kabla ya matusi ya Kisukuma.

Shida kubwa ilikuwa heli. Hiyo ni gesi iliyopozwa mpaka ikawa maji, ndiyo inayoipa fuwele ule ubaridi. Lilikuwepo pipa moja tu, limetoka mbali, na heli haina nidhamu ya utumishi: hata ukiifunga inatoroka. Selina alikuwa amepiga hesabu kwamba ingetosha Alhamisi mpaka mchana. Mgeni Rasmi alitarajiwa saa nne asubuhi. Kwenye ratiba mambo yalikaa vizuri kabisa, kama yanavyokaa siku zote kwenye ratiba.

Alhamisi asubuhi wakubwa wote wa Mamlaka walikuwa uwanja wa ndege, kwa sababu mgeni hapokelewi na nusu ya watu. Walipangwa kwa vyeo: Mwenyekiti, Mkurugenzi Mkuu, Mkuu wa Ununuzi, na kushuka mpaka Afisa wa Maua. Wacheza bugobogobo, ile ngoma ya Kisukuma, walikuwepo na majembe yao. Juu yao kitambaa kirefu, alichokichagua Rwehumbiza mwenyewe: MGENI NJOO, MWENYEJI APONE.

Saa nne ikafika. Mgeni hakufika. Saa tano ikafika peke yake. Ngoma zikapigwa, zikachoka. Suti ya Rwehumbiza ilianza kuiva kutokea mgongoni.

Simu ikalia. Selina.

"Mkurugenzi, mgeni yuko wapi?"

"Yuko njiani."

"Njia ipi?"

"Ya angani. Ndege haijaondoka Dodoma, lakini kimamlaka yuko njiani."

"Pipa linakwisha. Ikifika saa nane sina kitu. Nianze?"

"Dokta! Uanze kabla kitufe hakijabonyezwa? Huo si utafiti, huo ni uasi."

Alikata simu, akamsogelea Mzee Mihayo, akamnong'oneza kwamba gesi inakwisha.

"Gesi isubiri," akasema mzee, macho angani. "Mimi ni Mwenyekiti na nasubiri. Gesi ni nani?"

"Nilisema tuagize yenye subira," Malimi akadakia. "Mzabuni alikuwepo."

Rwehumbiza akarudi kwenye nafasi yake. Mbele yake uwanja ulikuwa mweupe kwa jua, na kwa mbali ziwa lilikuwa limetulia bila haraka na mtu. Akilini akaona mnara wa saa. Akakiona kisima. Akawaona maharusi wakikata keki juu ya sumaku, na yeye mwenyewe akiwa mshereheshaji, maana kazi hiyo lazima wangempa. Akatoka kwenye mstari hatua moja, jambo ambalo hajawahi kulifanya katika utumishi wake wote, akapiga simu huku mkono umefunika mdomo.

"Dokta, hivi mazoezi ya uzinduzi yalifanyika?"

"Mazoezi gani tena?"

"Kila uzinduzi una mazoezi. Unakatwa utepe wa karatasi, mlinzi anajifanya mgeni rasmi, watu wanapiga makofi ya majaribio. Sasa wewe fanya mazoezi ya kubonyeza. Yafanye kwa ukamilifu. Baridi iwe ya kweli, sumaku ya kweli, umeme wa kweli. Ila ni mazoezi."

"Nimekuelewa, Mkurugenzi."

"Hujanielewa. Hatujaongea."

Akarudi mstarini, moyo unamdunda kama jembe la bugobogobo. Saa saba ilikuwa imekwisha kupita simu ilipotetemeka mfukoni. Akachungulia kwa jicho moja. Ujumbe ulikuwa neno moja: *Sifuri.*

Alitamani kuruka, lakini Mkurugenzi Mkuu haruki kabla ya Mwenyekiti. Akakohoa tu. Machozi yakamtoka, akayafuta na leso.

"Unalia nini?" akauliza Mzee Mihayo.

"Namlilia mgeni, mzee. Amekawia."

Mzee Mihayo akamtazama, akaona hatari ya kuzidiwa mapenzi na mtu wa chini yake. Akatoa leso yake, akafuta macho makavu. Malimi akatoa ya kwake. Na leso zikateremka mstari mzima kwa vyeo, mpaka kwa Afisa wa Maua, ambaye hakuwa na leso, akatumia maua.

Mgeni Rasmi alitua baada ya saa tisa, akakuta Kanda nzima ina macho mekundu. Aliguswa sana. Msafara ukapanda Ilemela kwa ving'ora, wakaingia maabara wote, na simu zao, na funguo zao. Mheshimiwa akakata utepe, akabonyeza kitufe. Taa ya kijani ikawaka. Makofi yakapasuka.

Kitufe kilikuwa kimeunganishwa na taa ya kijani peke yake. Selina hakuwa mtu wa kumwachia mgeni sumaku.

"Umeme umepita?" Mheshimiwa akauliza.

"Umepita, Mheshimiwa!" akajibu Mzee Mihayo kwa niaba ya umeme.

"Haujapita," akasema Selina. "Ulipita saa saba, kwenye mazoezi. Hapa pipa ni tupu."

Makofi yakakatikia njiani. Rwehumbiza alijiona tayari yuko Muleba, anapogoa migomba. Selina akaonyesha skrini: mstari unakuja juu juu, unayumba, kisha unaporomoka hadi sakafuni na kulala hapo, mnyoofu, kama mtu aliyefika nyumbani.

Mheshimiwa hakuwa mjinga. Alikuwa mkubwa tu. Akainama, akautazama mstari. "Jana mlijaribu?"

"Tulijaribu. Ulikataa."

"Kwa nini jana ukatae, leo ukubali?"

Selina akamtazama Mkurugenzi wake. "Jana wakubwa walikuwa humu."

Mzee Mihayo alivuta pumzi ya kumfukuza mtu kazi. Hapo Rwehumbiza akapiga hatua mbele. Hakujua atasema nini, lakini mdomo wake ulikuwa na uzoefu wa miaka mingi wa kutangulia.

"Mheshimiwa, anachosema Dokta ni hiki. Ndani ya fuwele kuna vyuma vidogo, na kila chuma kinadai salamu, kwa hiyo umeme haupiti. Ikija nguvu kubwa kutoka nje, vile vidogo vinafutika, umeme unapita. Na humu ndani imekuwa hivyo hivyo. Nguvu yako, ingawa ulikuwa bado Dodoma, ilifika kabla yako. Ilitutoa sote humu, ikatupeleka uwanja wa ndege, ikatusimamisha. Hapa hapakubaki mtu wa kusalimiwa. Umeme ukapita."

Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema ukweli kwenye hotuba, na ulifanana na sifa kiasi kwamba hakuna aliyeushtukia. Aliposema "vyuma vidogo" mkono wake mwenyewe ulikuwa umeelekea kifuani mwake. Chuma kimojawapo alikuwa yeye. Alilijua hilo wakati uleule alipolisema, na ajabu ni kwamba halikumuuma. Kitu kilikuwa kimekubali.

Uso wa Mheshimiwa ukafunguka. "Kwa hiyo kunisubiri mimi ni mchango kwa sayansi?"

"Kusubiri, ndiyo," akasema Selina. "Kufika ndiko kunakoharibu." Lakini makofi yalikuwa yameshaanza.

Mheshimiwa akatoa agizo palepale. Mapipa mengine ya heli yaletwe. Na kila Alhamisi uongozi wote wa Mamlaka, bila udhuru, uende uwanja wa ndege ukamsubiri, aje asije. Mzee Mihayo akalipokea agizo kwa mikono miwili. Harusi ya binti yake ikahamishiwa ukumbi wa Kirumba, ambako kwa bahati mbaya hakuna sumaku.

Tangu hapo Alhamisi ya Ilemela imekuwa na sura yake. Kukicha wakubwa wanapanda magari, wanajipanga kwa vyeo, wanatazama mawinguni. Juu ya mawe Selina anapoza fuwele, mafundi hawainuki kwenye viti, na hali mpya zinapatikana kila wiki, moja baada ya nyingine, kila moja na mstari wake. Watafiti wa ng'ambo wanaandika kuuliza siri ya utulivu wa maabara ile. Ofisi za jirani zilipoona hivyo nazo zikaanza kupeleka wakubwa wao uwanjani, kwa tahadhari, maana huwezi kujua mgeni ni wa nani. Mama Evelina alikwenda siku kama hiyo kwenye mojawapo ya ofisi hizo kufuatilia kibali cha kibanda chake cha dagaa, alichokuwa ameahidiwa tangu mjukuu wake hajaota meno, akapewa kabla chai haijapoa. Akatoka nje amekishika, anauliza watu wa getini nani amefariki, hata wakubwa wote wamekwenda kuzika.

Ndipo Alhamisi moja, bila taarifa, ndege ikatua na ndani yake akatoka Mheshimiwa mwenyewe, amekuja kufuatilia utekelezaji wa agizo lake.

Mstari wote ukaganda. Rwehumbiza aliona hesabu yote kwa mara moja. Mgeni amefika, kusubiri kumekwisha. Baada ya dakika chache msafara utapanda Ilemela, simu zitaimba, mafundi watasimama kama mbao, na Selina yuko katikati ya jaribio ambalo halijawahi kufanyika popote. Nguvu imepitiliza kipimo.

Mheshimiwa akawajia kwa tabasamu, mkono mbele. "Haya, nimefika! Twendeni."

Mzee Mihayo akainua mguu. Rwehumbiza akamshika koti.

"Mheshimiwa, karibu sana," akasema, bila kutoka kwenye mstari. "Ila utatusamehe. Leo hatuwezi kuondoka hapa. Tunasubiri mgeni."

"Mgeni si ni mimi?"

"Hapana, Mheshimiwa." Akashusha sauti kwa adabu. "Leo ni mkubwa kuliko wewe."

Tabasamu la Mheshimiwa likarudi ndani polepole. Akageuka, akatazama anga kulia, akatazama kushoto. Akafunga kifungo cha koti. Akasogea mwanzoni mwa mstari, mbele ya Mzee Mihayo, akasimama wima, mikono ubavuni.

"Ni nani?" akanong'ona.

"Hatujaambiwa."

"Hata jina?"

"Hata jina, Mheshimiwa."

"Basi huyo ni mkubwa kweli." Akameza mate. "Hakikisha simu yangu imezimwa."

Jua likapanda. Wacheza bugobogobo wakalaza majembe yao kivulini, wakakaa. Mheshimiwa hakutikisika, jasho lilimteremka shingoni likaingia kwenye kola, naye akaendelea kutazama mawinguni. Baada ya muda mrefu simu ikatetemeka mfukoni mwa Rwehumbiza. Akachungulia kwa jicho moja, kisha akatoa leso.

Mheshimiwa alimwona akifuta machozi, naye haraka haraka akaanza kujipapasa mifuko akitafuta ya kwake.